Kazimoto na dharau iliyomla

Kutoka mashamba ya chai ya Igowole, wilayani Mufindi, hadi kisiwa cha Ukerewe ni mbali. Hata hivyo, Kazimoto wa riwaya ya Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974, anajulikana kila kijiji kilichowahi kupeleka kijana chuo kikuu: msomi anayerudi nyumbani na maswali ambayo wazee hawakuyazoea, huku akiwatazama kwa jicho la dharau. Muumba wake, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akapitia seminari ya Kikatoliki, kisha akafundisha katika shule, ikiwemo shule ya Mkwawa, Iringa.

Wasomaji wengi husema Kazimoto aliangamia kwa sababu alimpoteza Mungu. Hapana. Riwaya yenyewe inaonyesha jambo zito zaidi.

Manase, rafiki yake wa utotoni aliyepata cheo serikalini, alimpa mimba Rukia, dada wa Kazimoto, na msichana huyo akafa. Hapo kuna kosa na kuna mkosaji. Kazimoto anajibu kwa kupanga kulipiza kisasi kwa Sabina, dada wa Manase, ambaye hana hatia yoyote. Kisasi kinageuka mapenzi, wanaoana. Lakini mtoto wao anazaliwa mfu, na Kazimoto anajiua akiamini kwamba maisha hayana maana.

Uhai unahukumiwa kwa makosa ya watu! Kila anapotakiwa kusema “mimi nilitenda”, Kazimoto husema “ndivyo dunia ilivyo”. Dharau yake inafanana na falsafa, kumbe ni maficho. Mhubiri wa Biblia naye aliona yote ni ubatili, lakini akawahimiza watu kula, kunywa na kufanya kazi. Mwandishi Mfaransa Albert Camus, mwaka 1942, alikiri kwamba ulimwengu haumjibu binadamu, na bado akakataa kwamba kujiua ndilo suluhisho.

Kezilahabi mwenyewe hakuishia kwa Kazimoto. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya mbili za ndoto na maangamizi, msimulizi anaendelea kutafuta maana hata dunia ikiwa imeharibika.

Swali linalobaki ni la Sabina, aliyempoteza mtoto na mume. Kichwamaji inasimuliwa na Kazimoto, kwa hiyo hata uchungu wa mwanamke huyu wa kumpoteza mtoto tunausikia kwa kinywa cha mtu aliyemwendea kwanza kwa nia ya kumuumiza. Wanaojadili iwapo maisha yana maana wangemuuliza yeye kwanza.