Ahadi Yenye Faini

Vijana wanaokuja kwenye kikundi chetu hapa Zone Industrielle wengi ni watoto wa Uvira, Fizi na Bukavu, na wachache ni Warundi wa jirani. Wiki hizi wameshikilia jambo moja: jua la kutengenezwa. Waliona video kwenye simu inayosema kuna makampuni ya Marekani yanatengeneza jua dogo ndani ya mashine, na umeme wake hautaisha. Swali lao la kwanza lilikuwa kama ni kweli. La pili ndilo limenifanya niandike: mtu akitangaza tarehe ya kitu kizuri, ana deni kwa yule aliyesikia akaanza kusubiri?

Tuanze na la kweli au uongo, maana bila hilo tutabishana hewani. Mimi nimemaliza sekondari tu, na fizikia yenyewe niliisoma kwenye daftari la kukopi kwa mwenzangu, lakini jambo hili linaeleweka. Jua linawaka kwa sababu ndani yake viini vya haidrojeni vinabanwa mpaka vinaungana, na katika kuungana vinatoa joto kubwa. Hiyo ndiyo fyusheni. Siyo ule umeme wa nyuklia wa kawaida, ambao unapasua viini vya urani. Kuunganisha ni kazi ngumu kuliko kupasua. Hapa duniani inabidi gesi ichemke mpaka zaidi ya digrii milioni 100, na hakuna sufuria inayoweza kushika moto kama huo. Wengine wanaishikilia gesi kwa nguvu ya sumaku isiguse ukuta, wengine wanaipiga kwa leza.

Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya Lawrence Livermore kule California ilipiga kidonge kidogo kwa leza za megajuli 2.05, kikatoa megajuli 3.15. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Ila mitambo ya kurusha hizo leza ilikuwa imekula karibu megajuli 300 kutoka kwenye waya. Ni kama mama anayefurahi kwamba unga wa faranga 2,000 umempa mandazi ya faranga 3,000, huku makaa yamekula 300,000. Mandazi ni ya kweli. Biashara bado.

Serikali nazo zina mradi wao mkubwa, ITER, kusini mwa Ufaransa, ambao ulitakiwa kuwashwa mwaka 2025. Julai 2024 wakasema itakuwa 2034. Hapo ndipo makampuni binafsi yanapoingia na kusema: sisi tuna haraka. Commonwealth Fusion Systems, iliyozaliwa 2018 kutoka chuo cha MIT, inajenga mashine inayoitwa SPARC kule Devens, Massachusetts. Agosti 2025 ilipata dola milioni 863 kwa mara moja, na kwa jumla imekusanya karibu dola bilioni 3. Google imeshakubali kununua megawati 200 kutoka kituo ambacho hakijajengwa bado, kule Virginia, mwanzoni mwa miaka ya 2030. Mjue ukubwa wa hiyo namba: maporomoko ya Rusumo yanatoa megawati 80, na hizo zinagawanywa kwa Burundi, Rwanda na Tanzania.

Kampuni nyingine, Helion, iliahidi mwezi Mei 2023 kwamba ifikapo 2028 itaipa Microsoft umeme wa fyusheni. Julai 2025 ikaanza kujenga mahali panapoitwa Malaga, jimbo la Washington. Na katika makubaliano hayo kuna kitu ambacho, kwangu mimi, kina uzito kuliko digrii milioni 100. Helion ikichelewa, italipa faini.

Soma tena hapo, ndugu yangu. Hakuna kampuni hata moja ya fyusheni iliyokwisha kuuza umeme, lakini tayari kuna ahadi yenye faini. Microsoft haikuambiwa iwe na subira. Haikuambiwa imwachie Mungu. Iliambiwa mwaka, na mwaka ukipita kuna pesa zinatoka mfukoni mwa mtu.

Sasa tuangalie huku kwetu. Burundi ni karibu mtu mmoja tu kati ya kumi mwenye umeme nyumbani. Hapa Zone Industrielle nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda viwandani, na jioni mtoto anasomea kwenye tochi ya simu. REGIDESO ikikata, wenye uwezo wanawasha jenereta, na mazutu yakikosekana jenereta nayo inanyamaza. Fundi wa kuchomelea anakaa kwenye kiti chake anaangalia vyuma. Huyo fundi anasubiri kama Microsoft inavyosubiri. Tofauti ni kwamba hakuna karatasi yenye jina lake.

Kijana mmoja alinipinga, na alinipinga vizuri. Akasema: «Yaya, hao watu hawakutuahidi sisi kitu. Pesa ni zao, mashine ni yao. Kama jirani anajenga nyumba, ana deni gani kwangu?»

Nilikaa na hilo neno siku kadhaa. Upande mmoja ana haki. Mimi siamini kwamba tajiri anakosea akiweka pesa kwenye kitu cha mbali. Kazi nyingine lazima zichukue miaka, na kama hakuna mwenye kukubali hasara, hazianzi kabisa. Wengine wanapata hiyo hasara kweli: General Fusion ya Kanada, ambayo Jeff Bezos aliwahi kuiwekea pesa, mwaka 2025 iliishiwa na ikapunguza wafanyakazi. Waliocheza walijua wanacheza.

Lakini jirani anayejenga nyumba hasemi anawajengea mtaa mzima. Hawa wanasema. Fyusheni inatangazwa kama umeme wa binadamu wote, mwisho wa umaskini wa nishati, na kila ukisikia «umaskini wa nishati», picha iliyo kichwani ni ya mtu kama sisi, na kibatari chake. Basi ukitumia sura yangu kumweleza mwenye pesa kwa nini kazi yako ni njema, umeshachukua kitu kwangu. Hapo siyo jirani tena.

Na siyo sura tu. Sisi watu wa Kongo tuna historia na nyuklia kabla ya wengine wote. Urani ya bomu la Hiroshima la 1945, sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwenye mgodi wa kampuni binafsi ya Wabelgiji, Union Minière. Waliochimba hawakuambiwa wanachimba nini. Fyusheni haihitaji urani, hilo ni jambo zuri na nalisema bila kusita. Ila makampuni mengi, siyo yote, yanataka kutumia tritiamu, gesi adimu ambayo itabidi itengenezwe kutokana na lithiamu. Na moja ya akiba kubwa za lithiamu duniani iko Manono, mkoa wa Tanganyika, ambako baadhi ya vijana wangu wana wajomba. Leo wanaoigombea Manono wanafikiria betri za magari, na mashine za fyusheni zitahitaji lithiamu kidogo tu kulinganisha na betri. Hata hivyo, mara hii ningependa mtu wa Manono aonekane kwenye mkataba kabla shimo halijawa refu.

Kinachonigusa zaidi ni kusubiri kwenyewe. Mkimbizi anakujua kusubiri kuliko mhandisi yeyote. Kuna baba mmoja mtaani kwetu, fundi mzuri wa milango ya chuma. Ofisi fulani ilimwambia familia yake itasafiri karibuni, kesi imefika mwisho. Akauza mashine yake ya kuchomelea, maana nani atapanda ndege na mashine? Hiyo ni miaka saba imepita. Aliyemwambia «karibuni» alishahamishwa, labda hata hakumbuki. Hakudanganya, pengine. Alitaja muda tu, kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Lakini ule muda ulikuwa na bei, na bei yote ililipwa na upande mmoja.

Kwa hiyo jibu langu kwa vijana ni hili, na wanaruhusiwa kuendelea kubisha: kutaja tarehe ni tendo, siyo maneno matupu. Unamfanya mwenzako aache kitu au ashike kitu. Mwenye nguvu anajua hilo, ndiyo maana anadai faini. Mnyonge anajua pia, ila hana wa kumdai, na sisi tumezoea kuita hali hiyo subira na kuisifia. Mimi sipendi tena kuisifia.

Tena kuna vitu vidogo vilivyofika bila kelele. Mubuga, kule Gitega, kampuni binafsi ilijenga uwanja wa paneli za jua, la juu kabisa hili letu, na tangu 2021 unatoa megawati 7.5. Hakuna video yake kwenye simu za vijana. Nimewaambia wanaotaka ufundi waanzie hapo, kwenye paneli na betri na waya, wala wasiache kusoma fyusheni. Msichana mmoja wa miaka kumi na sita anataka fizikia, na anaisoma kweli, kuliko nilivyoisoma mimi.

Yeye ndiye aliyebandika karatasi ukutani kwenye chumba chetu. Ameandika Helion 2028, Google mwanzo wa 2030, ITER 2034, na mbele ya kila moja ameacha nafasi ya kuandika kilichotokea. Wiki iliyopita nikakuta mtu ameongeza mstari chini, kwa kalamu ya rangi nyingine: kesi ya kwetu, intavyuu ya pili, walisema Machi.