Mbio za Sakafuni: Mwalimu, Mwanafunzi na Mzunguko Mmoja

Wahenga walisema kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na aghalabu twaieleza kwa mfano wa mtu afanyaye jambo kwa pupa bila kufikiri mwisho wake. Lakini wale miongoni mwetu ambao, baada ya kengele ya alasiri, huweka chaki chini na kushika filimbi, twaijua kwa njia nyingine. Twaiona katika viwanja vya nyasi vya shule za Jinja na Mbale kila msimu wa riadha. Kijana hutoka kama mshale katika mbio za mita 400, akawaacha wenzake kwenye kona ya kwanza; kisha, katika mita 100 za mwisho, miguu ikamwia mizito kana kwamba imefungwa mawe. Watazamaji hucheka. Sisi twajiuliza: je, ni nani aliyekosea, kijana au mwalimu wake? Na je, mwalimu ana haki ya kumtaka mwanafunzi ateseke? Ikiwa anayo, mpaka wa haki hiyo uko wapi?

Hapana budi kwanza tuyatazame mbio zenyewe. Hakuna binadamu awezaye kukimbia mita 400 kwa kasi yake yote tangu mwanzo hadi mwisho. Nguvu ya ghafla iliyomo katika misuli hudumu sekunde chache tu. Baada ya hapo mwili huchoma sukari yake upesi kuliko hewa inavyoweza kuifikia, na misuli huanza kuwaka na kulegea. Hata mabingwa hupungua kasi mwishoni. Mshindi huwa ni yule ambaye kasi yake imepungua kidogo kuliko ya wenziwe. Twasema akiba haiozi, lakini katika mzunguko huu mmoja akiba ibakiayo baada ya utepe huwa imekwisha kuoza, na ile itumiwayo kabla ya wakati wake huwa deni. Kwa hiyo, mbio hizi ni mtihani wa kipimo kuliko kuwa mtihani wa nguvu peke yake.

Maumbile yameipendelea miji yetu miwili katika jambo hili. Jinja iko pale Mto Naili unapoanza safari yake kutoka Ziwa Viktoria, na tangu mwaka 1954 bwawa la Owen Falls limetuonyesha kuwa maji yale yale, yakizuiwa na kuachiliwa kwa kipimo, huwasha taa za nchi nzima. Mbale nayo imekaa chini ya genge la Wanale, mkono wa Mlima Elgon, ambako mwinuko hujenga mapaja na pumzi bila ya chuma chochote cha kununua. Tambarare hufundisha kasi, mlima hufundisha ustahimilivu, na mkimbiaji wa mita 400 ahitaji vyote viwili. Lakini tujihadhari. Kwa kuwa nchi ya Wasabiny, ng'ambo ya Mbale, imetoa watu kama Stephen Kiprotich, mshindi wa marathoni mjini London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, mshindi wa mita 5,000 mjini Tokyo mwaka 2021, baadhi yetu twadhani kila mtoto aliyezaliwa karibu na mlima ni wa mbio ndefu. Kumchagulia mtoto njia kabla ya kumtazama ni dhuluma ya kwanza ya mwalimu.

Waama, Uganda ina sifa kubwa katika mzunguko mmoja. Amos Omolo alifika fainali ya mita 400 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Davis Kamoga alipata medali ya shaba mjini Atlanta mwaka 1996 kwa sekunde 44.53, na mwaka uliofuata akawa wa pili duniani mjini Athens. Lakini aliyewatangulia wote kwa sifa ni John Akii-Bua, askari polisi aliyetoka Lango. Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alishinda mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akavunja rekodi ya dunia na kuipatia nchi yetu dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Miaka miwili kabla ya hapo, mjini Edinburgh, alikuwa wa nne. Alikimbia Munich katika njia ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko zote. Mwalimu wake, Mwingereza Malcolm Arnold, alimpa mazoezi mazito, pamoja na kukimbia akiwa amevaa fulana yenye uzito. Hata hivyo, bunduki ilipolia, Arnold hakuweza kumkimbilia hata hatua moja.

Tutazame na upande wa pili wa uwanja. Mjini Rio mwaka 2016, Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini alikimbia mita 400 kwa sekunde 43.03, rekodi ya dunia, katika njia ya nane. Aliye katika njia hiyo huanza mbele ya wote, asione mgongo wa yeyote. Mwalimu wake, Ans Botha, alikuwa bibi mwenye umri wa miaka 74. Basi mmoja aliwaona wapinzani wote mbele yake, mwingine hakumwona hata mmoja. Na wote wawili walishinda kwa kufuata kipimo kilichokuwa ndani yao. Hapo ndipo kazi ya mwalimu inapojulikana: ni kumjengea mwanafunzi mwamuzi wa ndani, atakayesema naye pale sauti ya mwalimu isipofika.

Sisi wenyewe tumewahi kushindwa kazi hiyo. Kijana mmoja tuliyemfundisha tulimwandikisha mita 200, mita 400 na mbio za kupokezana vijiti, zote siku moja, kwa ajili ya kombe. Kabla ya mbio za mwisho alitujia akasema, "Mwalimu, naumia nyuma ya paja." Tukamjibu kuwa kila mtu amechoka, na mwanamume hujikaza. Alikimbia, akaanguka kwenye kona ya mwisho. Kombe tulilipata kwa pointi za mbio nyingine. Kijana hatukumpata tena. Hakurudi uwanjani mpaka alipomaliza shule.

Tazama, ndugu mwalimu, kosa letu lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la riadha. Yeye alisema "naumia", sisi tukasikia "nimechoka". Kuchoka ni mlango ambao mkimbiaji lazima aupite. Kuumia ni ukuta unaomwambia arudi. Nani anayepaswa kuyatenganisha maneno haya mawili, ikiwa si mwalimu wa Kiswahili?

Watakuwako watakaosema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba bila ya mateso hakuna bingwa. Hatuwapingi. Lakini mwenye kuinama ni lazima awe ndiye akitakaye kile cha mvunguni. Katika Ujerumani Mashariki ya zamani wanariadha wengi, hata wasichana wadogo, walipewa dawa za kuongeza nguvu bila ya kuelezwa ni dawa gani. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin ilimtia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi hiyo, kwa madhara waliyofanyiwa. Sisi hatuna dawa hizo viwanjani mwetu. Lakini amdanganyiaye mtoto umri, au amkimbizaye akiwa ameumia, amechota katika kisima kile kile: amemfanya mtoto chombo cha sifa ya mwingine.

Twapendekeza basi mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi aelezwe sababu ya kila zoezi, ili ugumu wake awe ameukubali. Pili, akimbie mita 200 kisha akisie muda wake kabla ya kuonyeshwa saa. Wiki zikipita, kisio na saa vitakaribiana, na huyo ndiye mwamuzi wa ndani anayezaliwa. Tatu, neno "basi" likitoka kinywani mwake lisikilizwe kwanza, ndipo lipimwe.

Mzunguko mmoja humrudisha mkimbiaji pale pale alipoanzia, ambapo mwalimu amesimama akimngoja. Medali aweza kuja nayo au asije nayo. Lililo juu yetu ni kuhakikisha kwamba yule tuliyemtuma amerudi mzima, na kwamba kesho, bila ya kuitwa, atataka kukimbia tena.