Darsa la Ramadhani, Siku ya 18: Amana Hukamilika Inaporudishwa



Ndugu zangu katika imani, poleni na swaumu. Leo tuzungumze kuhusu amana, na mfano wetu unatoka mbali kidogo, kwenye nyika za Mongolia.

Kule yuko farasi wa porini, wenyeji wanamwita takhi. Ni mfupi, rangi ya mchanga, manyoya ya shingoni yamesimama kama brashi. Wanadamu walimwinda, wakamkamatia watoto wake, na mifugo yao ikamsukuma mbali na majani na maji. Mwaka 1969 akaonekana porini kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo, kimya.

Walibaki wale waliochukuliwa zamani na kuwekwa kwenye bustani za wanyama ng'ambo. Na hao walikuwa wachache mno: vita vilipokwisha mwaka 1945, waliofungiwa walikuwa 31 tu, na wengi wao hawakuacha uzao. Takhi wote walio hai leo wanatokana na farasi wa porini kama dazeni moja hivi.

Sasa hebu tuwatazame watunzaji wake. Walikabiliwa na hatari mbili.

*Ya kwanza:* kuzalishana ndugu kwa ndugu mpaka kizazi kidhoofike. Dawa yake ilikuwa kalamu. Tangu mwaka 1959 kuna daftari la nasaba, likatunzwa Prague. Kila farasi ameandikwa: baba yake nani, mama yake nani, yuko wapi. Kwa daftari hilo, dume alitolewa bustani hii akapelekwa ile, hata nchi nyingine, ili damu isikaribiane.

*Ya pili:* ni ya moyoni. Mnyama umemlea, anazaa kwako, watu wanalipa kiingilio kuja kumtazama. Ni rahisi sana kusema, "Huyu sasa ni wangu."

Lakini walimrudisha. Mwaka 1992 farasi 16 walifika Hustai, Mongolia. Hawakuachiwa siku ileile. Waliwekwa kwanza ndani ya uzio mpana, wazoee baridi na majani ya kwao, ndipo lango likafunguliwa. Baridi kali ya 2009 na 2010 iliua wengi wa wale waliorudishwa upande wa Gobi, na kazi haikuachwa. Mwaka 2024 saba wengine wakapelekwa Kazakhstan, nchi yenye Waislamu wengi, ambako nako walikuwa wametoweka. Wengi walioanza kazi hii hawakuwahi kuliona lango likifunguliwa.

Ndugu zangu, Qur'ani inatufundisha katika Suratul An'aam, aya ya 38, kwamba wanyama nao ni umma kama sisi. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametueleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Ukishakishika kiumbe cha Allah, umeshika na dhima yake.

Kama dhima ya paka ni nzito hivyo, je, ya yatima?

Tuseme ukweli jamani. Wako miongoni mwetu walioachiwa shamba la mtoto wa marehemu kaka yao. Wamemlisha, wamemsomesha, Allah awalipe. Lakini kijana ana miaka 25 sasa, na kila akiuliza anaambiwa, "Subiri kidogo, baba." Daftari hakuna. Kodi ya nyumba imeingia ngapi, hakuna ajuaye. Mtunzaji amegeuka mwenye mali.

Suratun Nisaa, aya ya 6, imeweka utaratibu wazi: mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri, wakionekana wana busara wakabidhiwe mali yao, na mashahidi wawepo. Yaani uzio kwanza, halafu lango. Mlezi fakiri ameruhusiwa kula kwa kiasi kinachofaa, lakini hakuruhusiwa kulifunga lango milele.

Swaumu inatuzuia na chakula chetu wenyewe, cha halali, mpaka adhana ya Magharibi. Vipi basi mkono uliozuiwa chake mchana ushike cha mwenzake mwaka mzima?

*Kazi ya leo, kabla ya kufuturu:*

1. Chukua karatasi. Andika kila kisicho chako kilicho mikononi mwako: mirathi, deni, pesa za kikundi, hata sufuria ya jirani.
2. Kinachoweza kurudi leo, kirudishe leo.
3. Kinachohitaji muda, mwite mwenyewe, mwekeane tarehe mbele ya mashahidi.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe walinzi wa amana zako, si wanyang'anyi wake. Usituchukue na haki ya mtu shingoni mwetu. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako. Wabillahi tawfiiq.