Jumatano: Nanga za Omo

Soma Mdo 27:27-32 na Ebr. 6:17-20. Mabaharia walidai wanakwenda kufanya nini, nao walikusudia nini hasa?

Msafiri atokaye Mpanda kwenda Karema hukuta mbele yake Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kikubwa ni kama meta 1,470. Katikati ya ziwa hapafai kutia nanga. Mnyororo ungening'inia tu bila kugusa kitu. Hata karibu na ufuko, uzito wa nanga pekee hautoshi. Mabaharia huachia mnyororo mrefu, mara tatu hadi tano ya kina cha maji, na zaidi upepo ukivuma, ili sehemu yake ilale chini na kuivuta nanga kwa mlalo. Hapo makucha yake huzama mchangani. Mnyororo mfupi huivuta kwenda juu, nayo hung'oka.

Katika meli ya Paulo walipima maji mara mbili, kisha wakashusha nanga nne tezini. Kwa njia hiyo omo ilielekea mbele, tayari kwa safari ya kwenda pwani kutakapokucha. Hiyo ilikuwa kazi njema. Hila ikafuata: mabaharia wakashusha mashua, eti wapeleke nanga za omo. Nani angewashuku? Kutia nanga ni kazi ya usalama. Kumbe walikuwa wakitoroka, wakiwaacha wenzao wasiojua kuongoza meli. Melini mlikuwa na watu 276.

Mungu alikuwa amekwisha kuahidi kwamba wote wataokoka (fungu la 24). Hata hivyo, Paulo hakusema kwamba mabaharia hawahitajiki tena. Alisisitiza wabaki.

Kanisani pia mtu huweza kutoroka huku akionekana ana bidii. Mzee wa kanisa hujaza juma zima vikao vya kamati, asipate jioni hata moja ya kuketi na ndugu wawili wasiosemezana. (Kamati zenyewe hazina kosa.)

Nanga ya Waebrania imeshika ndani ya pazia, alikoingia Yesu, Kuhani wetu Mkuu. Jicho halifiki huko. Baharia naye haoni sakafu ya ziwa. Hutazama mti au mwamba ufukoni, na usiposogea, anajua nanga imeshika.

Jadilini: Kama ungeshuka mashuani juma hili, ni nani angebaki melini bila msaada?