Kwa Uliyefiwa na Baba Mchapakazi

Mwanangu, pole kwa msiba. Turubai limeshushwa, viti vya kukodi vimerudishwa, na jamaa wa mbali wamekwisha panda basi kurejea makwao. Usidhani shughuli imekwisha. Kuzika ilikuwa kazi ya watu wote, na iliyobaki ni yako.

Lia ukitaka kulia, asikukataze mtu kwa kisingizio cha uanaume. Mtume Muhammad (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Lakini baba yako alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi huacha mambo mengi njiani ambayo machozi hayawezi kuyamaliza.

Anza na deni. Pale makaburini mmoja wenu alisimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Tangazo lile ni ahadi, na aibu kubwa ya familia nyingi ni kulitoa mbele ya umati kisha kumnunia anayeliitikia. Fundi au mfanyabiashara mdogo haachi deni la benki tu. Huacha mbao alizochukua kwa mali kauli, ujira wa kibarua aliyempigia msasa, na arubuni ya mteja ambaye kabati lake halijakamilika. Wenye madai ya namna hiyo huona haya kuja, na wakija huja kwa kusitasita. Mkaribishe mdai kiti, mpe maji, msikilize mpaka amalize. Usimdai mashahidi mbele za watu kana kwamba amekuja kuiba. Tazama daftari la mzee, waulize waliofanya naye kazi, ndipo umjibu. Ikiwa fedha haipo, mtajie siku, na siku hiyo umfuate wewe, asikufuate yeye.

Kurani, katika Sura An-Nisaa, imetanguliza wosia na deni mbele ya mafungu ya warithi. Msimamizi wa mirathi anayeteuliwa na mahakama naye hufungwa na utaratibu huo: akusanye mali, alipe madeni, kisha agawe kilichobaki. Basi ukiteuliwa wewe, jua kwamba hukupewa nyumba, umepewa kazi. Waoneshe ndugu zako kila karatasi kabla hawajaiomba. Ugomvi mwingi wa mirathi niliousikia ulianza kwa msimamizi aliyejiona mrithi pekee.

Simu yake usiizime upesi. Watapiga watu wasio na habari za msiba: wateja, marafiki wa zamani, kijana wa mji mwingine. Pokea kwa upole, jitambulishe, wape habari, kisha uwaulize walijuana naye wapi. Baba zetu hawakuwa wasemaji. Mema yao wanayajua waliotendewa. Huenda ukasikia kwa mara ya kwanza ada ya nani ilitoka mfukoni mwake. Lakini usipekue jumbe zake kutafuta siri, na ukikutana na jambo lililohitaji sitara, lisitiri.

Rafiki zake sasa ni dhamana yako. Abdallah bin Umar alikutana safarini na Bedui ambaye baba yake alikuwa rafiki wa Umar. Akampa punda aliyekuwa amempanda na kilemba alichokuwa amekivaa. Wewe hutakiwi punda. Ukipita barazani pa wale wazee aliokuwa akicheza nao bao, simama, toa shikamoo, uulize hali, na uage kabla ya kuondoka.

Mama yako akikaa eda, miezi minne na siku kumi, asisikie neno la kuuza nyumba. Hata shauri lenyewe likiwa jema, wakati wake si huo.

Zana nazo zina adabu yake. Wanunuzi wa vyuma chakavu huwahi kufika, na huja na bei ya kutupa. Baba yangu alikuwa seremala huku Tanga, Ngamiani. Alipofariki, warithi wote tuliridhia randa, patasi na keekee yake apewe mwanagenzi aliyekuwa naye, bila malipo. Kijana yule anafanyia kazi zana zile mpaka leo, na kila anayemsifu humtaja aliyemfundisha. Sijui njia bora zaidi ya kulitunza jina la fundi.

Ukimsimulia kwa wajukuu zake, msimulie alivyokuwa. Baba mchapakazi mara nyingi alirudi usiku, amechoka, hana maneno, pengine mkali. Usilifiche hilo ili kumpamba, wala usilifanye kisasi. Waambie wajukuu alitoka saa ngapi, alibeba nini, na mkate wa asubuhi ulitoka wapi. Ikiwa moyoni una kinyongo naye, msamehe, kisha umwombee dua. Yeye hana tena nafasi ya kukuomba radhi.

Arobaini inapokaribia, wapo watakaokushauri ukope ili pilau itoshe mtaa mzima. Wakatalie kwa heshima. Hitima ya watu wachache, kwa tende na kahawa, inatosha kabisa. Na kama hesabu ya zile mbao bado haijafungwa, fedha uliyonayo mkononi mpelekee mwenye mbao kwanza.