Mwimbaji Aliyesahauliwa

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Mhubiri 9:5, 13-16; 1 Mambo ya Nyakati 25:1-31; Mathayo 6:1-4; 26:6-13; Mithali 3:27, 28.

Fungu la Kukariri: Waebrania 6:10.

Mnamo Aprili 18, 1905, mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka 32 hivi alifariki na kuzikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg. Jina lake lilikuwa Enoch Sontonga. Alizaliwa Uitenhage, mashariki mwa Rasi, akasomea ualimu Lovedale, kisha akafundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Huko alikuwa pia mwalimu wa kwaya. Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo, maneno pamoja na sauti zake, akiziandika kwa alama za solfa katika daftari.

Mwaka 1897 alitunga sala moja fupi ya kuliombea bara zima, “Nkosi Sikelel’ iAfrika”. Miaka miwili baadaye iliimbwa hadharani katika ibada ya kumwekea mchungaji mikono. Baada ya kifo chake wimbo huo ulienda mahali ambapo yeye hakufika kamwe. Mwaka 1912 uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano wa kuanzishwa kwa chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, sauti zake zilitumika kwa maneno ya Kiswahili, na mpaka leo watoto wa Tanzania husimama na kuimba “Mungu Ibariki Afrika”.

Wimbo uliishi, lakini mtunzi alisahauliwa. Daftari lake lilipotea. Kwa miaka mingi hata kaburi lake halikujulikana lilipo, na sababu mojawapo ni kwamba kitabu cha makaburi kilikuwa kimemwandika kwa jina la “Enoch” tu, bila Sontonga. Hatimaye lilipatikana, na mnamo Septemba 24, 1996, Rais Nelson Mandela alizindua mnara wa kumbukumbu yake. Ilikuwa imepita miaka 91.

Soma Mhubiri 9:13-16. Maskini yule aliuokoa mji kwa hekima yake. Je, wenyeji wa mji walimkosea nini?

Hapa pana swali ambalo kila kwaya hukutana nalo mapema au baadaye. Kama mwimbaji anamwimbia Mungu, je, ni kosa jina lake likisahauliwa?

Wengi watajibu upesi kwamba si kosa. Nao wana Maandiko ya kusimamia. Katika Mathayo 6:1-4 Yesu anaonya juu ya kutenda mema ili kutazamwa na watu. Anayefanya hivyo amekwisha kupata ujira wake. Zaburi nyingi hazina jina la mtunzi, na hazijapungukiwa kitu. Mwalimu wa kwaya anayesimama mbele ya kanisa huku akiwaza jinsi anavyotazamwa amekwisha kuuhamisha wimbo kutoka kwa Mungu na kuuleta kwake mwenyewe.

Lakini soma sasa 1 Mambo ya Nyakati 25. Waimbaji wa hekalu waliofundishwa walikuwa 288. Walipiga kura za zamu zao wote sawasawa, mkubwa kwa mdogo, mwalimu kwa mwanafunzi. Hakuna aliyepewa nafasi kwa sababu ya sifa zake. Hata hivyo, sura hiyo hiyo inawataja kwa majina Asafu, Hemani na Yeduthuni pamoja na wana wao, zamu baada ya zamu mpaka ya 24. Mungu, ambaye utukufu wote ni wake, hakuona kwamba utukufu huo unapunguzwa majina ya waimbaji yanapoandikwa.

Tena kuna mwanamke wa Bethania. Alimpaka Yesu marhamu bila kuomba kitu. Ni Yesu mwenyewe aliyesema kwamba tendo lile litatajwa kila mahali Injili itakapohubiriwa. Yeye hakudai kukumbukwa. Bwana ndiye aliyewadai wengine wamkumbuke.

Basi kuna wajibu wa aina mbili, wala haufai kuchanganywa. Kutotafuta sifa ni wajibu wa mwimbaji. Kumtambua ni wajibu wa wale wanaofaidi kazi yake. Uovu huingia pale mmoja anapochukua wajibu wa mwenzake na kuufanya kisingizio. Mwalimu wa kwaya hukesha akitafuta sauti ya tatu ya wimbo, hutembea jioni kwenda mazoezini, na siku nyingine hukuta waimbaji watatu tu. Wimbo ukishapendwa, hurekodiwa na kuuzwa bila jina lake. Akiuliza kwa upole, huambiwa, “Mtumishi, utukufu ni wa Mungu.” Neno hilo ni la kweli. Lakini likitoka kinywani mwa aliyechukua mali ya mwenzake, limegeuka kuwa pazia la kufunika dhuluma.

Soma Mhubiri 9:5 pamoja na Mithali 3:27, 28. Wafu hawana habari ya lolote. Sontonga amelala, na sherehe ya mwaka 1996 haikufika masikioni mwake. Iliwafundisha walio hai, nalo ni jambo jema. Lakini yeye haikumfaa kitu. Ndiyo maana mwenye hekima anakataza kumwambia jirani aje kesho, ilhali anachostahili kimo mkononi leo. Asante ina wakati wake, na wakati huo hupita.

Kwa aliyesahauliwa bado kuna faraja. Waebrania 6:10 inaonyesha kwamba Mungu angekuwa dhalimu kama angeisahau kazi ya upendo. Vitabu vya mbinguni havimwandiki mtu nusu ya jina. Lakini ahadi hiyo alipewa yule anayetumika. Haikutolewa ili wengine waache kulipa deni lao.

Maswali ya Kujadili

1. Mtu atajuaje kama anadai haki yake au anatafuta sifa? Je, inawezekana kudai haki kwa unyenyekevu?

2. Ni nani aliyetunga au aliyefundisha nyimbo ambazo kwaya ya kanisa lenu huimba? Kama hakuna anayejua, hilo linaonyesha nini?

3. Ni nani katika darasa lenu anayestahili asante ambayo imecheleweshwa? Ni kitu gani kinazuia isitolewe Sabato hii?