Maarifa Yanapogeuka Amri

Kila mtu ajuaye jambo jema hutamani jambo hilo lisife pamoja naye. Mkulima aujuaye udongo wake, mkunga ajuaye kumwokoa mama na mtoto, mwalimu ajuaye kumfundisha mtoto aliye mzito wa kuelewa, wote hawa wana hazina. Lakini hazina iliyo kichwani mwa mtu mmoja huzikwa siku azikwapo mwenyewe. Ndiyo sababu wanadamu wameweka desturi, vyama, shule, ofisi na sheria, ili yale ayajuayo mmoja yawafae wengi, na yale waliyoyajua wazee yawafikie wajukuu. Katika jambo hili hamna ubaya wo wote. Ubaya huja baadaye, ofisi inaposimama imara hali sababu ya kujengwa kwake imekwisha kusahauliwa. Au mwenye elimu anapodhani kwamba, kwa kuwa anajua, ameruhusiwa kuamuru bila kusikiliza. Basi twauliza: maarifa yanapogeuka amri, yanapata wapi haki ya kutiiwa?

Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Ni swali la watu wa Bukundi, kata moja ya wilaya ya Meatu, katika nchi ya Wasukuma. Meatu sasa imo katika mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012. Zamani ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya mvua haba, nchi ya pamba na mtama, na zaidi ya yote ni nchi ya ng'ombe. Katika nchi ya namna hii mwisho wa kiangazi humpima mfugaji. Majani yamekwisha, maji yako mbali, na ng'ombe wa kulimia, ambao wangetakiwa kuvuta jembe mvua ya kwanza inyeshapo, hawana nguvu hata za kusimama.

Wasukuma wa kale walilijua jambo hili, wakaweka ngitili. Mvua zianzapo, sehemu ya malisho hutengwa, wala mnyama haingizwi humo. Majani hukua, hukauka yakiwa yamesimama, na miti hupata nafasi ya kuchipua. Kiangazi kinaposhika, ngitili hufunguliwa kwa utaratibu, nao maksai, ndama na wanyama wadhaifu hupata chakula wakati porini hamna kitu. Hakuna kitabu kilichoandikwa juu ya jambo hili, wala mtaalamu aliyelipwa mshahara. Lakini lilikuwa na kila kitu kinachohitajiwa ili maarifa yadumu. Palikuwa na mahali palipojulikana, na majira yaliyojulikana. Palikuwa na dagashida, yaani baraza la watu, lililoweka kanuni na kumtoza faini aliyezivunja. Na palikuwa na sababu ambayo hata mtoto mchungaji aliiona kwa macho yake mwenyewe kila mwaka. Katika ngitili, amri na sababu ya amri zilikaa nyumba moja.

Sasa tutazame jinsi zilivyotengana. Serikali ya Waingereza ilipoitawala Tanganyika, wataalamu wake waliona mambo mawili ya kweli. La kwanza, mbung'o waliwaua ng'ombe. Kwa hiyo mapori makubwa ya Usukuma yakafyekwa ili mdudu huyo akose maficho. La pili, udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji, na mifugo ilikuwa ikiongezeka kupita malisho; kwa hiyo mwaka 1947 ukaanzishwa mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Wataalamu walihesabu watu, ng'ombe na ekari, wakapata kanuni ya hesabu iliyoonyesha ni wangapi wawezao kukaa mahali gani. Kisha kanuni ile ikawa amri: limeni kwa matuta yaliyofungwa, pandeni mihogo, wekeni samadi, punguzeni ng'ombe. Watemi wakapewa kazi ya kuitekeleza, na asiyetii akatozwa faini au akafungwa.

Yatupasa kusema kwa haki: sehemu kubwa ya elimu ile ilikuwa sahihi. Matuta yaliyofungwa huzuia maji yasiuchukue udongo, na hata leo bwana shamba ye yote atakuambia hivyo. Mwenye ng'ombe wengi kupita malisho yake naye hujidhuru mwenyewe na jirani zake. Hata hivyo, kufikia mwisho wa miaka ya 1950 amri zile zilikuwa zimekataliwa na watu, na Serikali yenyewe ikaziacha. Kwa nini elimu sahihi ilishindwa? Kwa sababu iliwajia watu ikiwa imevaa sura ya askari. Mkulima hakuonyeshwa manufaa ya tuta; alionyeshwa faini ya kutolilima. Mfugaji hakuulizwa ng'ombe ni nini kwake, kwamba ni mahari ya mwanawe, ni akiba ya mwaka wa njaa, ni heshima yake mbele ya ukoo. Aliambiwa tu idadi ya kuuza. Hata siku bwana shamba aliposema kweli tupu, masikio yalikuwa yamekwisha kufungwa.

Wako watakaosema kwamba kosa lilikuwa la ukoloni tu, na kwamba chombo kinachozaliwa na wananchi wenyewe hakiwezi kupatwa na maradhi hayo. Tusijidanganye. Katika miaka ile ile ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakajifunza kupima wenyewe, wakaungana katika vyama, na chini ya uongozi wa Paul Bomani ukazaliwa mwaka 1955 ule muungano wa vyama vya ushirika ulioitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, mmojawapo wa miungano mikubwa kabisa katika Afrika. Hapa maarifa yalipata chombo chake kwa njia iliyo bora: kutoka chini, kwa hiari, kwa sababu iliyoeleweka na kila mwenye gunia la pamba.

Lakini chombo kilikua, kikawa na makarani, magari na viwanda, nacho kikaanza kuwa mbali na mkulima. Malalamiko yakawa mengi hata Serikali ikaunda tume mwaka 1966 kuchunguza vyama vya ushirika nchini, nayo tume ikaona kasoro nyingi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mizani iliyowekwa ili mkulima asipunjwe haimsaidii ikiwa anayeishika hawajibiki tena kwake. Ama chombo kimetoka London, ama kimetoka kijijini, hatari ni ile ile: kulinda jina na kiti, na kuisahau sababu.

Turudi kwenye ngitili. Mwaka 1974 watu wa mkoa wa Shinyanga, Meatu ikiwamo, walihamishiwa katika vijiji. Wazo la kuwaleta watu pamoja ili wapate shule, maji na zahanati lilikuwa na wema ndani yake. Lakini ngitili haihami pamoja na mwenyewe. Watu walipohamishwa, ngitili nyingi zilibaki bila mlinzi, na kanuni zake zikakosa mahali pa kushika. Ufyekaji wa zamani, upanuzi wa mashamba ya pamba na ukataji wa kuni vilikuwa vimekwisha kuufanya mkoa uwe karibu na jangwa. Mwalimu Nyerere alipouzuru mwaka 1984 alistushwa na hali aliyoiona, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI.

Jambo la kusifiwa katika mradi ule ni kwamba wataalamu walikubali kufundishwa. Mwanzoni mkazo ulikuwa katika vitalu na kupanda miche. Baadaye waliona kwamba wananchi walikuwa na njia yao ya kale, isiyohitaji mche wala ndoo ya maji, ila uzio wa makubaliano tu. Basi wakaacha kuwa walimu peke yao, wakawa pia wanafunzi. Dagashida ikapewa heshima yake, na serikali za vijiji zikatunga sheria ndogo za kuilinda kanuni ya wazee. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 tu hivi; kufikia mwanzo wa karne hii zilikadiriwa kuwa hekta 300,000 au zaidi, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 mradi ulipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Equator. Tufikirini jambo hili: wataalamu wa zama moja waliamuru miti ikatwe, na wataalamu wa zama nyingine walihimiza miti irudi. Wote walikuwa na vyeti. Hii si sababu ya kuidharau elimu, bali ni sababu ya mwenye elimu kuwa mnyenyekevu.

Je, sasa mambo yote yamekuwa mema? La. Kitu kikipata thamani hupata na wenye kukitamani. Mwenye ardhi kubwa aweza kuwa na ngitili yake, akauza majani na kuni. Mjane mwenye robo ekari hana cha kutenga, na pori alilozoea kuokota kuni sasa lina mwenyewe. Katika ngitili za kijiji pia, kamati isiyotoa hesabu yaweza kuyala majani ya wote. Na wafugaji wengi waliokosa malisho wamekwisha kuhama na ng'ombe wao hadi Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero, ambako wamekutana na sheria nyingine na magomvi mengine. Desturi njema ikilindwa kwa maandishi huku maskini akisahauliwa, imekwisha kuanza kufa, ijapokuwa mhuri wake ungali mbichi.

Mafundisho ya Kanisa yanatupa mwanga hapa. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, likitangazwa na yule aliyekabidhiwa kuitunza jamii. Alifundisha pia kwamba desturi ya watu yaweza kupata nguvu ya sheria. Tazameni: hakusema kwamba sheria ni matakwa ya mwenye nguvu, wala kwamba ni maneno ya mwenye elimu. Baba Mtakatifu Pius XI, katika waraka wake Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, aliona kuwa ni udhalimu jumuiya kubwa kuinyang'anya jumuiya ndogo kazi ambayo hiyo ndogo yaweza kuifanya vema. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alionya kwamba matatizo ya mazingira hayatatuliwi kwa kanuni moja iliyotungwa mbali pasipo kuwashirikisha wenyeji. Hata Bwana wetu aliwakumbusha wenye kuilinda sheria kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya Sabato.

Mtu aweza kuuliza: je, tungoje mpaka kila mmoja aelewe? Kipindupindu kikiingia kijijini, je, bwana afya aitishe mkutano wa siku tatu? Hapana. Yako mambo ambayo amri hutangulia na maelezo hufuata, kama baba amvutavyo mtoto kutoka motoni kabla ya kumweleza habari za moto. Lakini maelezo yaliyocheleweshwa ni deni, wala deni halifutwi kwa kunyamaza. Aliyeamuru kwa haraka lazima arudi aeleze. Na ikiwa alikosea, abadilishe amri yake. Mamlaka isiyokubali kuulizwa sababu haifanyi tena kazi ya elimu; hiyo inafanya kazi ya kiburi.

Kwa hiyo twasema hivi: maarifa yanapata haki ya kutiiwa kama amri pale yanapoweza kueleza sababu yake kwa yule atakayebeba mzigo wake, yanapokubali kusahihishwa naye, na pale manufaa yake yanapomfikia mdogo kama yanavyomfikia mkubwa. Hivyo ndivyo tuwezavyo kuvipima vyombo vyetu vyote: kamati ya maji, chama cha ushirika, shule, jumuiya ndogondogo ya Kikristo, naam, hata halmashauri ya parokia.

Wazazi, shule ya kwanza ya jambo hili ni nyumba yenu. Mtoto anayeambiwa kila siku "fanya" pasipo kuambiwa kamwe "kwa sababu gani" atakuwa mtu wa moja kati ya namna mbili: ama ataivunja kila desturi siku atakapokuwa huru, ama ataishika kama fimbo ya kuwapigia wengine. Waonyesheni wana wenu sababu ya sala ya jioni, sababu ya akiba, sababu ya kumheshimu mzee na ya kutouchoma msitu. Nanyi wasomi, mliotumwa vijijini na vyeti vyenu, kaeni kwanza na yule mzee asiyejua kusoma. Huenda ameihifadhi kwa miaka sabini hekima ambayo ninyi mmetumwa kuitafuta. Mwenyezi Mungu, aliye chemchemi ya hekima yote, awajalie wenye kujua moyo wa kusikiliza, na wenye kuamuru moyo wa kueleza.